Vyama vya siasa na gharama ya kumfuata mtu badala ya misimamo

SEPTEMBA 15, 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, jijini Dar es Salaam, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chadema, Dk. Willibrod Slaa, alisimama mbele ya umati na kusoma majina 11 ya watu ambao chama chake kiliwatuhumu kwa ufisadi. Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo. Julai 28, 2015, yaani takribani miaka minane baadaye, Lowassa alipokewa rasmi Chadema, na haukupita muda akawa mgombea urais wa chama hicho na wa umoja wa vyama vya upinzani uliojulikana kama Ukawa.

Lowassa alikanusha tuhuma hizo maisha yake yote, akawataka wenye ushahidi waende mahakamani, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani hadi alipofariki dunia Februari 10, 2024. Kwa hiyo makala haya hayana nia ya kumhukumu marehemu. Jambo linalopaswa kutushughulisha ni lile lililowapata wanachama wa pande zote mbili katika majuma machache ya mwaka 2015.

Waliokuwa wakimwita fisadi kwa miaka minane waligeuka watetezi wake. Waliokuwa wakimtetea ndani ya CCM, wengine wakiwa wamemwimbia nyimbo za kumwamini hadi katika vikao vya Dodoma, wakageuka washitaki wake majukwaani. Pande mbili zilibadilishana hotuba kama wachezaji wanavyobadilishana jezi baada ya mechi. Ushahidi haukuwa umeongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni rangi ya kadi aliyoishika mtu mmoja.

Waswahili husema bendera hufuata upepo. Swali la kujiuliza ni kwa nini vyama vyetu vimekuwa bendera, ilhali vilianzishwa ili viwe mlingoti.

Nidhamu ya chama na utii kwa mtu

Ni vyema tukatenganisha mambo mawili ambayo wanasiasa wetu hupenda kuyachanganya. Hakuna chama duniani kinachoweza kuendeshwa bila nidhamu. Wanachama wakishajadili jambo katika vikao, wakapiga kura na kufikia uamuzi, ni haki ya chama kuwataka wote, hata walioshindwa, wausimamie uamuzi huo. Hiyo ndiyo nidhamu, na msingi wake ni kwamba uamuzi umetokana na vikao.

Utii kwa mtu ni jambo jingine kabisa. Hapa uamuzi hutangulia na kikao hufuata. Kiongozi hutamka, kisha vikao huitishwa ili vipongeze. Kipimo cha kuzitofautisha hali hizi mbili ni chepesi: mtazame mwanachama siku ile kiongozi wake anapotamka kinyume cha kile kilichoandikwa na chama. Mwenye nidhamu ataulizia maandishi. Mtiifu wa mtu atayasahau maandishi, na pengine ataapa kwamba hayakuwapo.

Mfano wa karibu upo. Ilani ya CCM ya uchaguzi wa mwaka 2015 iliahidi kwamba wasichana wanaopata ujauzito wakiwa shuleni wataruhusiwa kuendelea na masomo. Juni 2017, akiwa katika ziara mkoani Pwani, Rais John Magufuli, ambaye pia alikuwa Mwenyekiti wa CCM, alitangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi atakayezaa akarudi shuleni. Hakuna mkutano mkuu uliobadilisha ilani, wala hakuna Halmashauri Kuu iliyokutana kuifuta ahadi hiyo. Hata hivyo, viongozi na wabunge wengi wa chama waliiunga mkono kauli ya Mwenyekiti, na wanaharakati waliohoji walikemewa.

Novemba 2021, miezi minane baada ya kifo cha Rais Magufuli na Samia Suluhu Hassan kushika urais, serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wangeruhusiwa kurudi shuleni. Uamuzi huo nao ulipokewa kwa makofi, na baadhi ya mikono iliyopiga makofi hayo ndiyo ileile ya mwaka 2017. Kati ya makofi ya kwanza na ya pili ilipita miaka minne, na msichana aliyefukuzwa kidato cha pili mwaka 2017 alikuwa ameshapitwa na umri wa kukaa darasani na wenzake. Hiyo ndiyo gharama ya utii kwa mtu, na wanaoilipa kwa kawaida si wale wanaopiga makofi.

Kutoka miiko hadi mwenyekiti

Wapo wanaodhani kwamba tatizo hili limeletwa na mfumo wa vyama vingi. Historia haikubaliani nao moja kwa moja. TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954, ilikuwa chama cha imani kabla ya kuwa chama cha madaraka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba au kuwa na hisa katika kampuni za kibepari. Maana yake ni kwamba maandishi yaliwekwa juu ya mtu, na kila kiongozi alipaswa kuyatii.

Lakini chama hichohicho, na baadaye CCM iliyozaliwa Februari 5, 1977, kilikuza pia mazoea ya kutakia maisha marefu fikra za Mwenyekiti. Kwa kuwa Mwenyekiti huyo alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, mtu aliyeandika na kufafanua anachokiamini, wengi hawakuona hatari ya kuziweka fikra za chama katika kichwa cha mtu mmoja. Hatari ilijitokeza alipoondoka katika uenyekiti mwaka 1990. Mwezi Februari 1991, Halmashauri Kuu ya chama ilikutana Zanzibar na kulegeza miiko ile ya Arusha. Wengi walioikariri miiko kwa zaidi ya miongo miwili hawakuonekana kuisikitikia. Walikuwa wamemwamini Mwalimu kuliko walivyoamini Azimio.

Tangu wakati huo CCM imejijengea utaratibu wa Rais kukabidhiwa uenyekiti wa chama. Uzuri wake ni kwamba mtu hubadilika: Ali Hassan Mwinyi, Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete, Magufuli na Samia wamekalia kiti hicho kwa zamu. Ubaya wake ni kwamba utii umehamia kwenye kiti chenyewe. Yeyote anayekikalia hurithi makofi yote, na anayekitoka huondoka mikono mitupu.

Upinzani nao umo

Kwa upande wa upinzani, hali imekuwa ya aina nyingine. Huko kiti kina nguvu kidogo, bali mtu ndiye mwenye nguvu. Mwaka 1995 Augustine Mrema, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani kabla ya kutofautiana na serikali, alijiunga na NCCR-Mageuzi. Vijana walisukuma gari lake barabarani, na katika uchaguzi wa mwaka huo akapata asilimia 27.8 ya kura za urais. NCCR-Mageuzi ilipata viti 16 vya majimbo na kuonekana kuwa chama chenye matumaini makubwa Tanzania Bara.

Kisha ukazuka mgogoro kati yake na viongozi wenzake waliokijenga chama hicho kabla yake. Mwaka 1999 Mrema alihamia TLP na mashabiki wake wakahama naye. Katika uchaguzi wa mwaka 2000, NCCR-Mageuzi iliambulia kiti kimoja cha jimbo, na Mrema mwenyewe akapata chini ya asilimia nane ya kura za urais. Chama kilikufa na mtu hakupona. Mrema aliendelea kuwa Mwenyekiti wa TLP hadi alipofariki dunia Agosti 2022.

Machi 18, 2019, baada ya Mahakama Kuu kutoa hukumu iliyompa ushindi Profesa Ibrahim Lipumba katika mgogoro wa uongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad alitangaza siku hiyohiyo kuhamia ACT-Wazalendo. Visiwani Zanzibar matawi mazima yalihama naye, na kuta za ofisi zikapakwa rangi mpya.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba huo nao ni utii kwa mtu, na hatakuwa amekosea sana. Hata hivyo, haki inatutaka tuseme kwamba waliomfuata Maalim Seif walikuwa na hoja ya muda mrefu kuhusu mamlaka ya Zanzibar, hoja iliyokuwapo kabla ya CUF na iliyobaki baada yake. Alipofariki Februari 17, 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama hakikusambaratika, na nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman. Mtu na msimamo vinaweza kutembea pamoja. Tofauti huonekana pale mmoja anapoondoka.

Majirani zetu wa Kenya

Nchini Kenya somo hili lilifundishwa kwa uwazi zaidi. Mwezi Septemba 1984 Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri na viongozi wengine waimbe wimbo wake kama kasuku, akieleza kwamba naye wakati wa Mzee Jomo Kenyatta aliimba wimbo wa Mzee tu. Miaka minne baadaye, katika mchujo wa KANU wa mwaka 1988, wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea au mawakala wao, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kupita bila kura ya siri. Katika hali hiyo, kumkataa mtu wa chama kulihitaji ujasiri wa kuonekana na kila jirani.

KANU ilitawala tangu uhuru mwaka 1963 hadi mwaka 2002. Mwaka huo Moi alipomteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake bila ushindani wa kweli ndani ya chama, vigogo kadhaa walijiondoa, na Mwai Kibaki akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Chama kilichokuwa kikiogopwa na nchi nzima kilidhoofika upesi, kwa sababu walioimba wimbo wa mtu walikwenda kutafuta mtu mwingine wa kumwimbia.

Upinzani wa Kenya haukuwa na nafuu. FORD, iliyowaunganisha Wakenya wengi kudai vyama vingi, iligawanyika kabla ya uchaguzi wa mwaka 1992 kwa sababu Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba wote walitaka urais. Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 tu ya kura.

Mizizi ya tatizo

Wengi huulaumu moyo wa mtu mmoja mmoja: tamaa, woga, njaa. Siku hizi vijana wamewabatiza wapambe wa viongozi jina la chawa, na jina limeshika. Lakini matusi hayaelezi chochote. Mbunge anayenyamaza mbele ya kiongozi wake mara nyingi amepiga hesabu, na hesabu hiyo imewekwa na sheria na taratibu.

Kwanza ni sheria. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, na Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha uanachama wa chama chake anapoteza ubunge. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, katika shauri lililomhusisha Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kuzuia wagombea binafsi kunakiuka haki za raia. Madhali mlango huo haujafunguliwa, mwanasiasa anayefukuzwa na chama hana pa kwenda isipokuwa chama kingine.

Pili ni uteuzi. Wanachama hupiga kura za maoni, lakini vikao vya juu ndivyo vinavyokata majina. Mgombea anajua kwamba kumpendeza mwenyekiti kuna faida kuliko kuwapendeza wanachama wa kata yake. Kwa wabunge wa viti maalumu utegemezi huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa hawana jimbo la kuwatetea.

Tatu ni fedha. Vyama vingi haviendeshwi kwa ada za wanachama. Hutegemea ruzuku ya serikali inayopitia makao makuu, au mifuko ya watu wachache. Anayelipa kodi ya ofisi na mafuta ya magari ya kampeni hahitaji kuomba utii, kwani huletewa.

Nne ni kukosekana kwa elimu ya siasa. Mwanachama asiyejua chama chake kinaamini nini kuhusu ardhi, kodi au Muungano atashika kitu pekee anachokijua, nacho ni sura ya kiongozi iliyochapishwa kwenye fulana.

Hesabu hizi ndizo zinazoeleza wimbi la mwaka 2017 na 2018, pale wabunge na madiwani wa upinzani walipojiuzulu mmoja baada ya mwingine na kujiunga na CCM. Sababu waliyoitoa mara kwa mara ilikuwa kuunga mkono juhudi za Rais. Hawakutaja sera waliyoikataa jana na kuikubali leo, bali walitaja mtu. Katika majimbo ya Kinondoni na Siha, waliojiuzulu walirudishwa na chama kipya kugombea viti vilevile, wakashinda Februari 2018, na mlipa kodi akagharamia uchaguzi ambao haukubadilisha mbunge.

Kura ya siri na mipaka ya muda

Je, kuna dawa? Zipo dalili kwamba taratibu nzuri zinaweza kumpunguzia mwanachama woga. Ya kwanza ni kura ya siri. Katika Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, wajumbe walivutana kwa muda mrefu kuhusu kura ya wazi na ya siri, wakaishia kuruhusu zote mbili. Mvutano huo haukuwa wa bure. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu, Rais Kikwete alipolizindua Bunge hilo Machi 21, 2014 alieleza wazi hatari alizoziona katika muundo huo, na kila mjumbe wa chama tawala alielewa maana ya kuonekana akipiga kura tofauti.

Mwezi Januari 2025 ulitupatia mifano miwili katika juma moja. Januari 19, mkutano mkuu maalumu wa CCM mjini Dodoma ulipitisha kwa azimio jina la Rais Samia kuwa mgombea urais, kabla ya hatua iliyozoeleka ya kuchukua fomu. Januari 21 na usiku wa kuamkia 22, wajumbe wa Chadema jijini Dar es Salaam walipiga kura ya siri, na Tundu Lissu akamshinda Freeman Mbowe, aliyekiongoza chama hicho tangu mwaka 2004, kwa kura 513 dhidi ya 482. Mbowe alikubali matokeo.

Hata hivyo, kura ya siri pekee haitoshi. Baada ya uchaguzi huo kambi mbili ziliendelea kutazamana kwa jicho la chuki, na katika miezi iliyofuata kundi la viongozi na makada lilijitoa na kujiunga na Chaumma. Pande zote zilidai kutetea misingi, lakini mpaka wa kambi ulifuata kwa kiasi kikubwa majina ya wagombea.

Dawa ya pili ni ukomo wa uongozi ndani ya chama. Machi 2024 Zitto Kabwe aliondoka katika nafasi ya Kiongozi wa Chama wa ACT-Wazalendo baada ya kufikia ukomo uliowekwa, na Dorothy Semu akachaguliwa. Ni jambo dogo, lakini katika nchi ambayo wenyeviti wa vyama huondolewa na mauti, halipaswi kupuuzwa.

Ya tatu ni uwezo wa chama kumrudisha nyumbani kiongozi aliyepotoka. ANC ya Afrika Kusini ilimtaka Thabo Mbeki aachie urais Septemba 2008, na Jacob Zuma Februari 2018. Lakini Zuma naye alituonesha mpaka wa dawa hiyo. Desemba 2023 alijitokeza kuunga mkono chama kipya cha uMkhonto weSizwe, na katika uchaguzi wa Mei 2024 chama hicho kikapata asilimia 14.58 ya kura, huku ANC ikishuka hadi asilimia 40.18. Chama kinaweza kumwondoa mtu kitini. Kumwondoa mioyoni mwa wafuasi ni kazi nyingine.

Kazi hiyo ni ya mwanachama wa kawaida, aliyeko Manzese, Mwanjelwa au Darajani. Huyo ndiye anayeweza kuisoma ilani kabla ya kuvaa fulana, na kumuuliza mbunge wake katika mkutano wa hadhara kwa nini jana alisema hivi na leo anasema vile. Swali hilo likiulizwa mara moja litachekwa. Likiulizwa katika kila kata, mbunge atalazimika kupiga hesabu upya, kwa kuwa atakuwa na mtu mwingine wa kumwogopa zaidi ya mwenyekiti wake.